Kura Tatu kwa Mtu Mmoja: Nani Aliruhusiwa Kupiga Kura Tanga Mwaka 1958?

Tuanze na mchezo mdogo. Ni Septemba 1958, uko Jimbo la Tanga, na kuna uchaguzi. Nakupa watu watano wa kubuni, lakini wa aina ambayo ungekutana nayo kweli siku hizo.

Wa kwanza ni mkata mkonge kwenye shamba upande wa Ngomeni. Wa pili ni mwalimu wa madrasa Pangani, mzee anayeheshimiwa mji mzima. Wa tatu ni karani wa stesheni ya reli, kijana aliyemaliza darasa la nane. Wa nne ni mama anayeuza vitumbua na samaki wa kukaanga Ngamiani, ambaye ana kadi ya TANU na hakosi mkutano. Wa tano ni zumbe wa huko Handeni, anayetambuliwa na serikali ya kikoloni.

Swali: nani kati yao anapiga kura?

Kama umejibu "wote", pole. Kama umejibu "hakuna, si ilikuwa enzi ya mkoloni?", pole pia. Jibu ni kwamba karani na zumbe wanapita, na wale watatu waliobaki karibu hakika wanabaki nje. Na hao wawili waliopita hawapewi kura moja kila mtu. Wanapewa tatu, na wasipozitumia zote tatu, karatasi yao inatupwa.

Makala hii inaeleza mfumo huo ulivyofanya kazi, ulikotoka, na kwa nini uliwageuka waliouweka. Ndani yake kuna hesabu kidogo. Usikimbie, ni za kujumlisha na kutoa tu.

Masharti ya kuingia kwenye daftari

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza 1926. Kwa miaka mingi wajumbe wake waliteuliwa na gavana, na Waafrika wa kwanza waliingia 1945 tu, wawili, wote machifu. Mwaka 1955 Gavana Edward Twining alilipanua na kuweka kile kilichoitwa usawa wa mataifa: upande wa wasio serikalini kulikuwa na viti 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia na 10 vya Wazungu.

Neno "usawa" hapo lisikupite hivi hivi. Sensa ya 1957 ilikuta nchi ina watu karibu milioni 8.8. Wazungu kati yao walikuwa kama 20,000. Waasia, ukiwajumlisha na Waarabu ambao waliwekwa kundi moja nao, walikuwa kama laki moja. Waliobaki wote, yaani zaidi ya milioni nane na nusu, walikuwa Waafrika. Halafu kila kundi likapewa viti kumi.

Uchaguzi ulipokuja, nchi iligawanywa katika sehemu kumi, na kila sehemu ikapewa viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu. Jimbo zima la Tanga, kuanzia Pangani hadi Lushoto, kuanzia Tanga mjini hadi Handeni, lilikuwa sehemu moja. Upigaji kura ulifanywa kwa awamu mbili. Majimbo matano yalianza Septemba 1958, na Tanga ilikuwamo. Sehemu nyingine zilifuata Februari 1959.

Ili uandikishwe ulitakiwa uwe na miaka 21 au zaidi, na uwe umekaa Tanganyika angalau miaka mitatu kati ya mitano iliyopita. Halafu ulitakiwa utimize angalau moja kati ya haya matatu:

1. Kipato cha pauni 150 kwa mwaka, ambazo ni shilingi 3,000.
2. Elimu ya kufikia darasa la nane.
3. Kushika cheo kati ya vile vilivyotajwa na sheria, vikiwamo vya utawala wa wenyeji.

Sasa rudi kwa watu wetu watano.

Shilingi 3,000 kwa mwaka ni shilingi 250 kwa mwezi. Mshahara wa mkata mkonge ulikuwa chini sana ya hapo, na haukuhesabiwa hata kwa mwezi wa kalenda. Ulihesabiwa kwa kipande, kadi ambayo ilijaa baada ya siku 30 za kazi iliyokamilika. Siku uliyoumwa haikuwamo. Tena wengi wa manamba walitoka mbali, Kigoma, Nyanda za Juu Kusini, hata Rwanda na Burundi, wakiletwa kwa mikataba. Kwa hiyo sharti la kipato likimwacha mtu, sharti la ukaazi nalo linaweza kumngoja mlangoni. Fikiria maana yake kwa Tanga. Hili ndilo jimbo lililokuwa moyo wa mkonge wa Tanganyika, na Tanganyika miaka hiyo ilikuwa inaongoza duniani kwa zao hilo. Watu walioubeba uchumi huo mgongoni hawakuwa na sauti kwenye sanduku.

Mwalimu wa madrasa amesoma miaka mingi. Anasoma Kiarabu, anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, anatatua kesi za mirathi ambazo wewe na mimi zingetutoa jasho. Lakini sharti la elimu lilipima madarasa ya shule. Pwani yetu ilikuwa na usomi wa karne nyingi ambao fomu ya uandikishaji haikuwa na nafasi ya kuujaza.

Mama wa vitumbua anaangukia sehemu zote mbili, kipato na darasa. Na hakuwa peke yake. Bibi Titi Mohamed, aliyewaongoza wanawake wa TANU nchi nzima, elimu yake ya darasani haikufika darasa la nane. Kwa kigezo cha elimu peke yake, asingepita.

Matokeo yake: katika awamu zote mbili waliojiandikisha nchi nzima hawakufika 60,000. Kati ya watu karibu milioni 8.8, hao ni chini ya mtu mmoja kwa kila mia.

Kwani masharti haya yaliokotwa wapi?

Ni rahisi kusema "ubaguzi tu" na kufunga mjadala. Ubaguzi ulikuwapo, ndiyo, maana viti viligawanywa kwa rangi waziwazi. Ila sharti la mali lina ukoo wake, na ukoo huo haukuanzia Afrika. Waliotunga sheria hii walitoka nchi ambayo kwa karne nyingi iliwafanyia hivyo hivyo watu wake yenyewe. Hebu tusafiri kidogo hadi Uingereza ya karne ya 18, halafu tutarudi Tanga.

Kwenye wilaya za mashambani za Uingereza, tangu 1430, mwenye haki ya kura alikuwa mwanamume mwenye ardhi yake inayomwingizia angalau shilingi 40 kwa mwaka. Kwenye miji midogo ya soko kila mji ulikuwa na kanuni yake. Mahali pengine walipiga kura waliolipa kodi za mji. Pengine ni wale tu walioandikwa kama wenyeji huru wa mji. Kuna miji ambako ilitosha mwanamume awe na jiko lake na chungu chake, yaani athibitishe kwamba hali kwa mtu. Na kuna miji ambako haki ya kura ilifungwa kwenye kiwanja: ukinunua viwanja vya kutosha umenunua na ubunge.

Mfano unaotajwa kila mara ni Old Sarum. Ulikuwa mji zamani, lakini kufikia karne ya 18 kilibaki kilima na mabaki ya kuta, bila wakazi wa kuutosha hata mtaa mmoja. Ulikuwa na wabunge wawili. Wakati huo huo Manchester, mji wa viwanda uliokuwa unafurika watu, haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Hali hiyo ilianza kurekebishwa 1832.

Hoja ya watetezi wa mfumo huo ilikuwa hivi: mtu asiye na mali hana cha kupoteza, na tena ni rahisi kununuliwa au kutishwa na mwenye nyumba wake, kwa hiyo kura yake si yake. Hoja hii ilikuwa na ukweli wa aibu ndani yake, maana kura ilipigwa hadharani. Ulisimama mbele za watu ukataja jina la unayemchagua, karani akaandika, na mara nyingi orodha ya nani kampa nani ilichapishwa na kuuzwa. Mwenye nyumba wako aliweza kuinunua na kuisoma. Kura ya siri ilikuja Uingereza mwaka 1872 tu.

Wanawake wa Uingereza walipata kura 1918, tena wenye miaka 30 na kuendelea na kwa masharti, na wakalingana na wanaume 1928. Na hadi sheria ya 1948, wahitimu wa vyuo vikuu kadhaa waliweza kuwa na kura ya pili kupitia chuo chao. Miaka kumi tu baadaye Tanga inapiga kura, na darasa la nane ni tiketi ya kuingilia. Unaona ukoo?

Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, wazo hilo lilivaa nguo nyingine. Katika uchaguzi wa Machi 1957, mpiga kura Mwafrika aliweza kupewa kura moja, mbili au tatu kulingana na sifa zake za elimu, kipato, utumishi na kadhalika. Kule kura tatu zilikuwa zawadi kwa aliyeonekana anastahili zaidi. Huku kwetu kura tatu zilikuwa wajibu kwa kila aliyeandikishwa. Usizichanganye.

Hesabu ya kura tatu

Tumerudi Tanga, na hapa ndipo palipo na utamu.

Mpiga kura wa 1958 alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akiacha nafasi moja wazi, karatasi nzima imeharibika. Sharti hili ni la kushangaza ukilinganisha na Uingereza ile ya zamani. Kule sehemu nyingi zilikuwa na wabunge wawili, na mpiga kura alikuwa na kura mbili, lakini hakulazimishwa kuzitumia zote. Aliweza kumpa mtu wake kura moja na kuiacha ya pili bila kutumika, ili asimsaidie mpinzani. Ilikuwa mbinu ya kawaida kabisa. Tanganyika mbinu hiyo ilizibwa kisheria.

Kwa nini serikali ilitaka hivyo? Nia iliyotangazwa ilikuwa kujenga siasa za mataifa mengi: mgombea yeyote atafute kura kwa rangi zote, na wenye msimamo mkali washindwe. Chama cha UTP, kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za serikali ya Twining, kilijengwa juu ya matumaini hayo.

Sasa tuweke namba. Hizi ni za kubuni, ni kwa ajili ya mfano tu. Tuseme sehemu moja ina wapiga kura 1,000: Waafrika 600, Waasia 300, Wazungu 100.

Hali ya kwanza: Waafrika wanapiga kura kwa umoja. Kwenye kiti cha Mzungu kuna wagombea wawili, mmoja wa UTP na mmoja anayeungwa mkono na TANU. Wazungu wote 100 na Waasia 200 wanampa wa UTP, jumla 300. Waafrika wote 600 na Waasia 100 waliobaki wanampa wa TANU, jumla 700. Mzungu aliyekataliwa na Wazungu wote ndiye anayeingia barazani. Kumbe Mwafrika anamchagulia Mzungu mbunge wake!

Hali ya pili: tuseme sharti la kujaza zote tatu halipo, na Waafrika 500 wanaamua kukiacha wazi kiti cha Mzungu kwa hasira. Mgombea wa TANU anabaki na Waafrika 100 na Waasia 100, jumla 200. Wa UTP bado ana 300. UTP imeshinda. Yaani sharti lililowaudhi Waafrika ndilo lililozuia kura zao zisipotee.

Hali ya tatu, na hii ndiyo iliyowanyima watu usingizi: Waafrika wanagawanyika. Kwenye kiti cha Mwafrika, 350 wanampa wa TANU na 250 wanampa wa UTP. Waasia na Wazungu wote 400 wanampa wa UTP. Matokeo: TANU 350, UTP 650. Mwafrika aliyechaguliwa na Waafrika wachache ndiye mshindi. Ukipiga hesabu utaona kwamba wale 400 wakiungana upande mmoja, TANU inahitaji angalau kura 501 kati ya zile 600, yaani zaidi ya Waafrika watano kati ya kila sita. Wingi tu hautoshi hapo. Kunatakiwa umoja wa kiwango ambacho vyama vingi havijawahi kukiona.

Hali ya nne: TANU inasusia. Waafrika waaminifu wa chama hawajiandikishi, wanabaki 100 tu. Sasa daftari lina watu 500, na 400 kati yao si Waafrika. Viti vyote vitatu, pamoja na cha Mwafrika, vinaamuliwa bila Waafrika.

Soma tena hali hizo nne. Kanuni ni ile ile, isipokuwa katika ya pili tulipoilegeza, na daftari ni lile lile, isipokuwa katika ya nne. Matokeo yanapinduka kulingana na nani kajiandikisha na nani kashikamana na nani. Jambo hilo ndilo ninalotaka uondoke nalo leo. Kanuni ya uchaguzi haina mwenyewe. Anayeiandika anadhani anajua itamfaa nani, lakini kanuni haimjui.

Kutoka Tanga hadi Tabora

Mjadala huu ndio uliokaribia kuipasua TANU. Januari 1958 chama kilikutana Tabora kuamua: tushiriki uchaguzi wa kura tatu au tususie?

Waliotaka kususia hawakuwa wajinga. Kwao kushiriki ni kukubali kwamba Wazungu 20,000 ni sawa na Waafrika milioni nane. Na walikuwa na swali gumu: unamwambiaje mwanachama aliyelipa kadi yake kwa senti za kuungaunga kwamba yeye hatapiga kura, ila karani atapiga, na karani huyo lazima ampe kura Mzungu? Chama cha watu wengi kilikuwa kinaombwa kukubali uchaguzi wa watu wachache.

Nyerere aliona hali ya nne. Tukisusia, alihoji, viti vitakwenda UTP na safari ya uhuru itarefuka. Na hapa Tanga inaingia katika hadithi. Mwanahistoria Mohamed Said ameandika kwa kirefu jinsi Nyerere alivyokutana na viongozi wa TANU wa Tanga kabla ya mkutano wa Tabora, kuwaomba wamuunge mkono katika jambo hili. Anawataja watu kama Hamisi Heri, Mwalimu Kihere na Sheikh Abdallah Rashid Sembe. Kwa maelezo yake, msimamo ulioshinda Tabora ulipikwa kwanza Tanga.

Tabora wakakubali kushiriki, na chama kikaungane mkono na Waasia na Wazungu wanaokubaliana nacho ili kupata viti vyote vitatu. Wana-TANU waliuita Uamuzi wa Busara. Haukupita bila gharama. Zuberi Mtemvu alijitoa na kuanzisha chama chake cha African National Congress.

Kuna kikwazo kimoja bado. Wapiga kura Waafrika walikuwa wengi wao makarani, walimu, matarishi wa ngazi za juu, watu wa vyeo. Na watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Kwa hiyo tulikuwa na kichekesho hiki: wenye kadi za TANU hawana kura, na wenye kura hawaruhusiwi kuwa na kadi. Mama wetu wa vitumbua na karani wetu wa reli walikuwa nusu mbili za mpiga kura mmoja.

Kilichoziunganisha nusu hizo ni kura ya siri. Kama Tanga ya 1958 ingepiga kura kama mji wa soko wa Uingereza wa 1758, karani angesimama mbele ya bwana wake na kutaja jina. Nadhani unajua angetaja jina gani. Lakini aliingia peke yake, akaweka alama zake tatu, akatoka. Bwana wake hakuwa na orodha ya kusoma. Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumchungulia, mama wa vitumbua naye ilibidi amwamini. Hakuwa na njia nyingine. Sauti yake yote ilikuwa mikononi mwa kijana wa darasa la nane.

Kilichotokea

Wiki chache kabla ya uchaguzi, Agosti 1958, Nyerere alitiwa hatiani kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali katika gazeti la chama. Alipewa achague faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Angalia kiasi hicho: ni shilingi zile zile 3,000 ambazo ukizipata kwa mwaka unahesabiwa kuwa mtu wa kupiga kura.

Kisha kura zikapigwa, na hali ya kwanza ndiyo iliyotokea. Septemba 1958, na tena Februari 1959, wagombea wa TANU na Waasia na Wazungu waliokuwa wakiungwa mkono nayo walishinda karibu kila mahali. Jimbo la Kaskazini, jirani zetu wa Moshi na Arusha, walimpeleka barazani Solomon Eliufoo, Sophia Mustafa na Derek Bryceson, wote watatu upande mmoja. UTP, chama kilichotegemea kura tatu, kilizimika muda mfupi baadaye.

Oktoba 1958 gavana mpya, Richard Turnbull, alitamka barazani kwamba Tanganyika itakayojitawala itakuwa na serikali yenye Waafrika wengi. Kabla ya uchaguzi, lugha ya serikali ilikuwa "usawa wa mataifa". Kura tatu nazo hazikudumu. Kamati iliyoongozwa na Richard Ramage ilipitia mfumo na kupendekeza ziondolewe.

Uchaguzi uliofuata, Agosti 1960, kila mtu alikuwa na kadiri ya viti vya jimbo lake, bila kulazimishwa rangi tatu. Sharti la kipato lilishushwa hadi pauni 75 kwa mwaka, na aliyeweza kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliruhusiwa. Walioandikishwa wakaruka kutoka chini ya 60,000 hadi zaidi ya 880,000. TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961, na uchaguzi wa rais wa 1962 ukafanyika kwa haki ya kila mtu mzima.

Tuwaangalie kwa mara ya mwisho watu wetu. Mwalimu wa madrasa, kama alisoma na kuandika Kiswahili, mlango ulimfungukia 1960. Mama wa vitumbua, kama alijua kuandika, 1960. Kama hakujua, 1962. Mkata mkonge vivyo hivyo. Miaka minne. Uingereza, kutoka miji ya viwanja vya kununua hadi mwanamke kulingana na mwanamume, ilichukua karibu karne moja, 1832 hadi 1928.

Maswali manne ya kubeba

Ukikutana na kanuni ya uchaguzi wowote, wa nchi, wa serikali ya wanafunzi, wa SACCOS, hata wa kamati ya msikiti au ya harusi, jiulize:

1. Nani yumo kwenye daftari, na sharti gani limewaacha wengine nje?
2. Kila mtu ana kura ngapi?
3. Anaruhusiwa kuacha nafasi wazi, au analazimishwa?
4. Nani anaweza kuona alichochagua?

Watu wengi huishia swali la kwanza. Tanga ya 1958 inatufundisha kwamba majibu ya yale matatu mengine yanaweza kugeuza kila kitu. Jaribu mwenyewe: chukua zile kura 1,000, badilisha jibu moja tu, upige hesabu upya. Halafu uone nani ameingia barazani.